Nyayo, bawa na uwanja wa matumbawe: shajara ya bata bukini, Mikindani

Shajara hii ni ya wanaofuga bata bukini kwa mapenzi, wale ambao ndege akiumia mguu hawakimbilii kisu. Ninao watano hapa Mikindani, mkoani Mtwara: Jemadari, dume mkubwa, Kibibi, Shuka na Bi Mkubwa, majike, na Kinda, dume la mwaka jana. Kazi ilianza kwa mguu mmoja wa Jemadari, ikaishia kwenye kuchimbua uwanja mzima. Bei, kwa shilingi, ni zile nilizolipa mimi, hapa Mikindani na Mtwara mjini, ili anayetaka kuiga ajue anaingia wapi. Dozi za dawa nimeziacha kwa makusudi. Dozi hupimwa kwa uzito wa ndege, na mpimaji ni aliyesomea.

6 Aprili: Ukaguzi

Mvua zinaelekea ukingoni, uwanja bado umelowa. Jemadari anachechemea mguu wa kulia na akisimama anauinua. Bata huficha maumivu mpaka yamzidi, kwa hiyo akianza kuchechemea mbele yako ujue tatizo lina siku nyingi. Nimeamua kuwakagua wote watano, si yeye peke yake.

Kwanza kushika. Bata bukini hashikwi miguu kama kuku wa sokoni. Mwili ni mzito, miguu huteguka upesi, na ukimning'iniza unaweza kumtoa nyonga. Nasubiri giza liingie, nakusanya mabawa yote mawili kwa mkono mmoja, mkono wa pili unapita chini ya kidari, kisha nampakata kichwa kikielekea nyuma ya kwapa langu. Sehemu ya nyuma inabaki mbele, na ndiyo, atakunyea. Afadhali hiyo kuliko mdomo usoni.

Kupima uzito nimetumia mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki na kiroba kilichokatwa kona moja ili kichwa kitoke. Jemadari kilo 5.6, Kibibi 4.3. Ndege mgonjwa hupungua kabla hajaonyesha dalili nyingine, kwa hiyo nawapima kila wiki.

Matokeo: Jemadari ana kigaga cheusi katikati ya unyayo wa kulia, pembeni pamevimba na pana joto. Shuka ana ngozi iliyochubuka na kung'aa chini ya unyayo wa kushoto, bila kigaga. Bi Mkubwa utando wa mguu umechanika kwa ganda la chaza. Mpasuko mkavu, msafi, nauacha. Utando ukichanika hivyo hupona wenyewe, haushonwi. Kibibi na Kinda wazima.

Vifaa vya kuanzia: dawa ya ayodini ya kahawia 4,000, gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) na plasta 6,500, mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano 1,000, kibano 3,000, boksi la glovu 12,000. Jumla 26,500.

9 Aprili: Unyayo wa Jemadari

Ugonjwa wenyewe ni maambukizi ya unyayo. Ngozi ya chini huchubuka au kukandamizwa kwa muda mrefu, halafu bakteria, mara nyingi stafilokokasi, wanaingia. Ndege wazito ndio waathirika wakubwa, na sakafu ngumu ikikutana na unyevu kazi imekwisha. Ukiuacha, uchafu unashuka kwenye kano na mfupa, na hapo mguu hauokoki.

Jirani, mzee wa baraza la pili, alikuja kutazama. "Binti yangu, hilo ni jipu tu. Likamue litoke usaha, kesho anatembea." Nikamshukuru, sikukamua. Usaha wa ndege hauwi majimaji kama wetu. Chembe zao za damu zinazopambana na bakteria hazina vimeng'enya vya kuuyeyusha, kwa hiyo unaganda ndani na kuwa mgumu kama kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi. Ukiukamua hautoki. Unausukuma ndani zaidi.

Nilichofanya: kuloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, si ya mezani), dakika kumi na tano, Jemadari akiwa amefunikwa kitambaa kichwani ili atulie. Kigaga kinalainika pembeni. Kukausha, kupaka ayodini iliyozimuliwa mpaka rangi ikawa ya chai nyepesi, gozi, plasta.

Haikufaa. Alipoachiwa tu alikwenda moja kwa moja kwenye diaba la maji akaingia na bendeji yake. Bendeji iliyolowa ni mbaya kuliko kutofunga kabisa, maana inashikilia uchafu juu ya kidonda. Nikafunga tena na kuvisha mfuko wa plastiki juu. Ndani ya mfuko mguu ukatoa jasho, ngozi ikawa nyeupe na kukunjamana. Mfuko nimeutupa.

Kwa sasa amehamia kwenye kizuizi kidogo barazani, karibu na wenzake, wanaonana na kuitana. Bata bukini akitengwa mbali na kundi huacha kula. Kibibi, ambaye ni mwenzi wake, analala upande wa pili wa wavu. Maji anapewa kwenye ndoo nyembamba, yenye kina cha kuzamisha kichwa chote, ila mwili hauingii. Kina hicho ni cha lazima hata kwa mgonjwa: bata husafisha macho na pua kwa kuzamisha kichwa.

16 Aprili: Daktari

Uvimbe haukupungua, na uzito umeshuka mpaka 5.3. Nimemwita daktari wa mifugo kutoka mjini. Amekuja na bodaboda, amebonyeza unyayo, akasema kiini kimeshajikusanya na kitolewe. Alimtia ganzi kwa kipimo chake mwenyewe, akakata ukingoni mwa kigaga, akatoa kiini cha njano kikiwa kizima, na nyuma yake vipande vidogo vidogo ambavyo bila tochi nisingeviona. Akasafisha kwa maji ya chumvi, akajaza gozi. Alinionyesha mara mbili jinsi ya kubadilisha. Dawa ya bakteria na ya maumivu, meloksikamu, aliziacha zikiwa zimepimwa. Nauli, kazi na dawa: 35,000.

Nilimuuliza kuhusu dawa za maumivu za dukani. Alikunja uso. Diklofenaki, ambayo kila nyumba inayo droo moja, usimpe ndege. Ndiyo iliyowamaliza tai wa Asia Kusini kwa mamilioni: ng'ombe walitibiwa nayo, wakafa, tai wakala mizoga, figo zikaharibika. Watafiti walibaini chanzo hicho mwaka 2004. Krimu za ganzi nazo zikae mbali, ndege wanaumizwa na kiasi kidogo kuliko sisi.

Kwa anayepata kidonda kinachorudi kila baada ya dawa, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Mtwara. Sampuli ya usaha inaweza kupelekwa ili ijulikane dawa ipi bado inawaua bakteria hao, badala ya kubadilisha vidonge kwa kubahatisha.

23 Aprili: Ndala

Tatizo la sasa: tundu liko mahali hasa anapokanyagia. Gozi hata iwe nene vipi, kilo tano na ushei zinaikandamiza, kidonda hakipumui wala hakijengi nyama.

Wazo: kuinua unyayo usiguse chini. Nilinunua ndala za sponji za 3,000, nikaenda kwa fundi viatu wa sokoni.

"Dada, umemletea bata viatu?"

"Kimoja tu fundi, cha kulia."

"Basi nitakutoza nusu."

Hakunitoza nusu. 2,000.

Kiatu cha kwanza kilikuwa soli nzima yenye umbo la mguu, na mikanda miwili ya kitambaa. Kilikuwa kizuri kutazama. Jemadari hakuweza kutandaza utando ndani yake, akawa anainua mguu juu kila hatua na kuupigapiga chini, na kabla ya jioni alikuwa ameshautafuna mkanda mmoja.

Kilichofaa ni kipete. Kata duara la sponji, pana kuliko unyayo kidogo, toa tundu katikati kubwa kuliko kidonda. Punguza unene ubaki nusu ya soli, kisha chonga ukingo wa nje uwe na mteremko, maana ukingo uliosimama wima unakata ngozi. Gozi yenye ayodini inakaa kidondani, kipete kinakaa juu yake, tundu likitazama kidonda. Kisha bendeji inapita kati ya vidole huku utando umetandazwa, si umekunjwa. Ncha za vidole ziachwe nje. Kila asubuhi naziangalia: zikivimba au zikiwa baridi, bendeji imebana, ifunguliwe hapo hapo.

Plasta ya kawaida inaachia kwa joto la huku. Bendeji ile inayojishika yenyewe nimeagiza Dar es Salaam, roli tatu kwa 6,000 kila moja, na 3,000 ya basi. Haishiki manyoya, na hilo peke yake linatosha kuisifu.

Nabadilisha kila siku ya pili. Chini nimetandika mkeka wa plastiki juu ya godoro kuukuu. Maranda niliyajaribu, yanajipenyeza ndani ya bendeji na kuchoma.

8 Mei: Uwanja

Kidonda cha Jemadari kinajaa nyama nyekundu, safi. Lakini nimemkagua Shuka: pale palipong'aa pana kigaga sasa, kidogo. Hakuna aliyemng'ata, hakuna alipochomwa. Anachokanyaga ni kile kile alichokanyaga Jemadari.

Nyumba za Mikindani zimejengwa kwa matumbawe na zimesimama juu ya matumbawe. Nyuma kwangu mwamba unachungulia ardhini kila mahali, na mvua zikiosha udongo zinaacha meno. Juu ya hapo, diaba la kuogea lilikuwa limekaa katikati ya uwanja. Bata wanamwaga maji siku nzima, tope linalainisha ngozi ya nyayo, halafu wanatoka topeni kwenda kukanyaga meno. Nikakaa nikapata picha kichwani ya mwaka mzima wa namna hii, na daktari akija kila mwezi na kisu chake.

Vibarua wawili walichimbua meno yaliyotokeza kwa sururu na nyundo, 40,000. Yaliyo makubwa tumeyafukia. Mchanga ulikuja kwa kirikuu, safari mbili za 45,000, ukatandazwa kina cha kiganja kizima. Uwe mchanga usio na chumvi. Wa ufukweni unavuta unyevu na haukauki vizuri. Diaba nimelihamishia pembeni penye mteremko, juu ya jukwaa dogo la zege lenye kokoto kuzunguka, ili maji yanayomwagika yazame badala ya kutuama. Saruji mfuko mmoja 18,000, kokoto 10,000.

Kulikuwa na pendekezo la kutandaza maganda ya korosho, yanapatikana bure kwa wabanguaji na mkoa huu haujawahi kupungukiwa. Nimekataa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Tazama mikono ya mama aliyebangua bila kupaka majivu au mafuta. Unyayo wenye mchubuko hautastahimili.

Shuka ametibiwa kwa kuloweka, ayodini na kipete, bila kisu. Kigaga kilichoshikwa mapema kinakubali.

19 Mei: Mshipi

Hii imekuja kutoka upande nisioutazamia. Maji yakipwa, bata wangu huteremka ufukweni kuchokoa majani. Bi Mkubwa amerudi akiburuta kitu. Mshipi wa kuvulia ulikuwa umezunguka mguu mara nyingi juu ya vidole, umeingia ndani ya ngozi hauonekani, na ncha yake ilikuwa na ndoana iliyotoboa utando.

Ndoana haivutwi ilikoingilia. Karibu na ncha ina mwiba ulioelekea nyuma, itararua. Niliisukuma mbele mpaka ncha ikatokeza upande wa pili, nikakata mwiba huo kwa plaizi, shina likarudi nyuma kwa ulaini. Utando ni mwembamba, kazi hiyo ni ya sekunde chache kama mtu wa pili anamshika vizuri. Mwanangu mkubwa alimshika, macho kafumba.

Mshipi ulikuwa mgumu zaidi. Mguu ulivimba juu ya kifungo na chini yake ukawa baridi. Niliingiza ncha butu ya kibano chini ya uzi upande wa mbele, nikakata uzi mmoja mmoja kwa mkasi mdogo wa kucha. Nyuma ya mguu nimepaacha mwisho, kuna kano na mishipa ya damu. Ulipokatika wote, joto lilirudi vidoleni mbele ya macho yangu. Kaa chonjo siku zinazofuata: ngozi iliyobanwa inaweza kufa hata baada ya kufunguliwa. Ya Bi Mkubwa ilichubuka tu pembeni.

Tumekagua ufukwe ule na watoto. Mishipi, ndoana, na zaidi ya yote chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, vya madini ya risasi. Hizi chubwi ndizo zilizonitisha. Bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na chubwi ndogo kwake ni changarawe. Firigisi inaisaga, risasi inaingia kwenye damu, ndege anadhoofika, mabawa yanalegea, kinyesi kinakuwa cha kijani. Hakuna kidonda cha kufunga hapo. Kuanzia leo wanateremka ufukweni wakiwa na mtu, na mtu huyo ana ndoo ya kuokotea.

11 Juni: Mbwa

Usiku. Mbwa koko wamevuta wavu wa kuku wa upande wa nyuma, ukafunguka kama hauna misumari. Kibibi ameng'atwa paja na bawa la kushoto. Wengine wazima, Jemadari ana damu mdomoni ambayo si yake.

Hatua za usiku ule, kwa mpangilio: nilivaa glovu, maana mate ya mbwa yalikuwa kila mahali. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa mamalia, bata hataupata, lakini wewe mwenye mkwaruzo mkononi unaweza. Ukiguswa na mate hayo penye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kisha nenda hospitali, usingoje asubuhi.

Paja lilikuwa linachuruzika. Nilikandamiza kwa kitambaa safi bila kuchungulia kila mara. Damu iliposimama nikamweka kwenye boksi kubwa la katoni, giza, joto, kimya. Ndege aliyeshtuka anaweza kufa kwa kushikwashikwa tu. Sikumnywesha maji kwa nguvu. Kusafisha kulisubiri mpaka akainua shingo mwenyewe.

Alfajiri ndipo nikaona ukubwa. Manyoya yanadanganya: juu kulikuwa na doa moja la damu, chini matundu manne. Using'oe manyoya ya ukingoni mwa kidonda, ngozi ya ndege ni nyembamba na itafuata. Nilikata kwa mkasi uliochovywa kwenye maji ya chumvi, manyoya yananata kwenye mkasi badala ya kuanguka kidondani. Nikapapasa pembeni kwa vidole: kama ngozi inatoa mchakacho, kuna hewa chini yake, na huenda jino limetoboa mfuko wa hewa wa mwilini. Hapo daktari wa dakika hiyo hiyo. Kwa Kibibi hapakuwa na mchakacho.

Maji ya chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na gramu 9 za chumvi, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, kijiko cha mfuto. Nilipuliza ndani ya kila tundu kwa bomba la sindano mpaka yakatoka maji meupe. Haidrojeni peroksidi na spiriti hazihusiki, zinaunguza nyama inayojaribu kuota. Mafuta ya mgando pia hapana: yakigusa manyoya, maji yanapenya mpaka kwenye ngozi na ndege hawezi kuelea vizuri. Matundu ya meno hayazibwi. Ukiyashona unafungia ndani uchafu wa mdomo wa mbwa.

13 Juni: Nzi na bawa

Pamoja na upepo wa kusi na ubaridi wake, nzi wametufikia. Jioni niliona vishada vyeupe kwenye manyoya karibu na paja: mayai. Kwa joto la pwani mayai yanakuwa funza ndani ya siku moja. Nimekata manyoya yote yenye mayai, nikaosha upya, na boksi sasa linakaa chini ya chandarua cha zamani kilichoning'inizwa mbali na mdomo wake. Funza wawili waliokwisha toka nimewatoa kwa kibano. Tangu chandarua kiwekwe hakuna mwingine.

Daktari amekuja kwa ajili ya bawa. Bawa lina mifupa miwili sehemu ya kati, mwembamba na mnene. Mwembamba umevunjika, mnene mzima, na huo mzima unafanya kazi ya banzi. Bahati. Ungekuwa mfupa wa juu, ule ulio karibu na bega, habari ni nyingine: una uwazi ndani unaoungana na mifuko ya hewa. Ukivunjika na kutoboa ngozi halafu ukapuliza maji kidondani, unaweza kumzamisha ndege akiwa nchi kavu.

Bawa linakunjwa lilivyo kawaida, bendeji inazunguka kwa umbo la nane, kisha mzunguko mmoja wa kulishikiza mwilini. Nilipoibadilisha mwenyewe niliubana mzunguko huo kupita kiasi. Kibibi akafungua mdomo na mkia ukawa unapanda na kushuka kila pumzi. Ndege hawana kiwambo cha kupumulia kama sisi, wanavuta hewa kwa kusogeza mfupa wa kidari. Ukifunga kidari umefunga pumzi. Nimeilegeza mpaka vidole viwili vikapita, akatulia papo hapo. Bendeji ipite mbele na nyuma ya bawa la pili, isilifunge.

Ziara hii na dawa: 50,000. Mayai ya Kibibi hayaliwi wala hayauzwi mpaka muda aliotaja daktari upite.

24 Juni: Banda la usiku

Wavu wa kuku unazuia kuku kutoka. Hauzuii mbwa kuingia, wala kicheche. Nimenunua wavu wa chuma uliochomelewa, 120,000. Mabanzi 35,000, misumari, bawaba na makomeo mawili 17,000, fundi 50,000. Wavu umezama ardhini na kukunjwa kwenda nje, anayechimba akutane nao. Fundi alipendekeza boriti za mikoko kwa kuwa haziozi. Mikoko ni hifadhi, nimechukua mabanzi na kupaka oili chafu upande wa nje tu, bata wasiguse.

7 Julai: Salfa

Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu. Upepo ukigeuka vumbi linatufikia. Bata wawili wana macho mekundu yanayotoa maji, na Kinda anajikuna jicho kwa mguu, kucha imechubua kope. Nimeosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa na kuongeza ndoo za kina. Asubuhi ya kupulizia wanabaki bandani, majirani wananitumia ujumbe. Yameisha bila dawa.

20 Julai: Bawa kufunguliwa

Mfupa umeshika tangu wiki ya tatu, lakini bawa lilikuwa gumu. Ngozi ya mbele inayolivuta hufupika ikikaa imekunjwa. Daktari alikuwa ameagiza tulifungue kila baada ya siku chache na kulinyoosha taratibu, likigoma unaishia hapo. Paja limeziba, kwa hiyo sasa naongeza kuogelea: diaba likijazwa anapiga mabawa mwenyewe, na anajipa mazoezi bora kuliko mikono yangu. Bawa linaning'inia kidogo. Hakuwahi kuruka zaidi ya ukuta wa jirani, hatapoteza kitu.

Kumrudisha kundini kulihitaji subira. Shuka alikuwa ameshika nafasi yake pembeni mwa Jemadari na hakukubali kuiachia. Tumewalisha kwa kutenganishwa na wavu mpaka makelele yakaisha, kisha tukawaachia jioni, saa za uvivu.

10 Agosti: Hesabu

Tiba, yaani vifaa, bendeji, ndala na daktari mara mbili: 137,500. Mchanga, vibarua na jukwaa la diaba: 158,000. Banda: 222,000. Jumla 517,500. Anayeanza leo aanze na mchanga na wavu. Nusu ya fungu la tiba hatalitumia. Tangu uwanja utandazwe hakuna kigaga kipya, na Jemadari amerudi kilo 5.7.

18 Agosti

Kinda anachechemea. Nyayo safi, hakuna kigaga, ila kifundo cha kushoto kina joto na kimevimba kidogo. Mwanangu amemwona akiruka kutoka barazani kwenda chini, urefu wa kiuno cha mtu, na kutua kwa mguu mmoja. Amewekwa kwenye kizuizi apumzike, na vipande vya mabanzi vilivyobaki fundi anavigeuza kuwa mteremko wa barazani, wenye vijiti vya kukanyagia. 8,000. Uvimbe usiposhuka kufikia Ijumaa, naita daktari na bodaboda yake.